Mahekalu ya Kanchipuram kwa siku moja: namna ya kuyatembelea kuanzia la kale zaidi

Kabla ya jambo lolote, shika saa za milango. Karibu mahekalu yote makubwa ya Kanchipuram hufunguliwa saa 12 asubuhi au kabla kidogo, hufungwa saa 6 au 6:30 mchana, kisha hufunguliwa tena saa 10 alasiri hadi saa 2 au 2:30 usiku. Mchana huo mungu wa hekalu huhesabiwa kuwa amepumzika, na hakuna kuhani atakayekufungulia hata kama umetoka Mombasa. Wageni wengi huondoka Chennai baada ya kunywa chai, hukwama kwenye foleni za viungani, hufika saa 5:30, huona hekalu moja mbiombio, halafu hukaa kwenye jua kwa saa nne wakingoja. Ukilipanga vizuri suala hili moja, mengine yote yatakaa sawa.

Kanchipuram ni mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, umbali wa kilomita kama 75 kutoka Chennai kwa barabara kuu iendayo Bengaluru. Wahindu huuhesabu miongoni mwa miji saba mitakatifu, pamoja na Ayodhya, Mathura, Haridwar, Varanasi, Ujjain na Dwarka, na katika hiyo saba ndio pekee ulioko kusini kabisa. Zamani ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava, na wao ndio waliojenga mahekalu mawili ambayo hupaswi kuyakosa, Kailasanathar na Vaikunta Perumal. Watu wengi wa Afrika Mashariki hufika Chennai na Vellore kwa matibabu au masomo, na miji yote miwili iko karibu: kutoka Vellore ni kilomita 70 hivi kwa barabara hiyo hiyo. Anayemsindikiza mgonjwa akapata siku moja ya nafasi anaweza kwenda asubuhi na kurudi usiku.

Mabango na madereva watakupangia ziara kwa ukaribu wa mahali. Sisi tunashauri uende kwa umri. Anza na hekalu la mwanzoni mwa karne ya 8, umalizie na kumbi za karne ya 16, nawe utaona kwa macho yako jinsi hekalu la Kitamil lilivyokua. Katika la kale, mnara mrefu umesimama juu ya chumba kitakatifu, na lango ni dogo. Katika yaliyofuata, mnara wa ndani unabaki mfupi, kuta za ua zinaongezeka moja nje ya nyingine, na lango ndilo linalopaa. Mtu aanzaye na lango la mita 59 huona hekalu dogo la Pallava kuwa limepungukiwa, ilhali ndilo lenye michongo bora kuliko yote.

Kabla ya kuondoka

Majira mazuri ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40 siku nyingine, na kwa kuwa viatu huvuliwa mlangoni, sakafu ya mawe huchoma nyayo kweli kweli. Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba ni mvua za kaskazi za pwani hiyo, na ua huweza kujaa maji.

Angalia pia siku. Ijumaa hekalu la mungu wa kike Kamakshi hujaa. Jumatatu mahekalu ya Shiva huwa na watu wengi, na Jumamosi ya Vishnu; hao ndio miungu wawili wakuu wa mahekalu haya. Katika mwezi wa Kitamil wa Panguni, Machi hadi Aprili, huwa na sikukuu kubwa katika hekalu la Ekambaranathar. Katika Vaikasi, Mei hadi Juni, ni zamu ya Varadharaja Perumal, na siku ya tatu ya sikukuu hiyo sanamu ya Vishnu hutembezwa mitaani juu ya Garuda, ndege wake. Kama unataka kuona maandamano, nenda siku hizo. Kama unataka kuona mawe, zikwepe.

Uliza jambo moja zaidi hotelini kwako au kwa mwenyeji: je, kuna hekalu lililo kwenye ukarabati? Mahekalu ya Tamil Nadu hufanyiwa matengenezo na kutakaswa upya kila baada ya miaka kama 12. Wakati huo minara hufunikwa kwa jukwaa la miti na makuti, na sanamu kuu huenda isionekane kwa miezi kadhaa. Wapiga picha wengi huligundua hilo wakiwa wameshafika.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Kanga ya ziada begani inatosha kumwokoa dada aliyevaa blauzi ya mikono mifupi mno. Wanaume wavae suruali ndefu; kikoi cha rangi kitaonekana kama lungi, na lungi huko ni vazi la nyumbani, si la hekaluni. Beba soksi nene, maana viatu haviruhusiwi lakini soksi kwa kawaida hazikatazwi. Ukanda na mkoba wa ngozi ni bora uviache.

Fedha: vunja noti mapema. Utahitaji rupia 10 na 20 nyingi kwa mtunza viatu, tiketi ya kamera na tiketi ndogo za kumbi. Mwenye noti ya 500 mlangoni hupoteza muda, au huambiwa chenji hakuna. Beba pasipoti au nakala yake, maji lita 1.5 kwa kila mtu, na tochi ndogo.

Kufika: gari la kukodi kutoka katikati ya Chennai huchukua saa mbili ukiondoka saa 11 alfajiri, na zaidi ya hapo ukichelewa. Mabasi ni mengi. Treni za kupitia Chengalpattu ni nafuu sana lakini chache na hazina haraka. Tazama ratiba ya kurudi kabla ya kununua tiketi ya kwenda. Ukifika mjini, kodisha bajaji. Patana bei ya mzunguko mzima pamoja na muda wa kusubiri, si ya hekalu hadi hekalu, kisha mtajie dereva majina kama wenyewe wanavyoyasema: Kailasanathar, Vaikunta Perumal, Ekambaranathar, Varadar (yaani Varadharaja Perumal), Kamakshi. Neno lao la hekalu ni kovil. Mwambie tangu mwanzo kwamba huendi dukani kwa hariri asubuhi. Madereva wengi hulipwa na maduka kwa kila mgeni wanayemfikisha, na saa moja iliyopotea dukani kabla ya saa 6 hairudi.

Nani anaingia wapi

Msomaji Mwislamu au Mkristo asiogope: nyua, kumbi za nguzo, mabwawa na malango ni wazi kwa wote. Katika mahekalu yenye ibada kubwa, asiye Mhindu huishia mbele ya chumba kitakatifu, na kibao husema hivyo, mara nyingi karibu na mlingoti wa bendera uliofunikwa kwa shaba. Usibishane wala usidanganye. Mahekalu mawili ya Pallava yanatunzwa na Idara ya Mambo ya Kale ya India, na humo utatembea kwa uhuru mkubwa zaidi.

Zunguka daima ukiliweka jengo upande wako wa kulia. Pokea kitu chochote kwa mkono wa kulia. Kwa Shiva utapewa jivu jeupe, kwa mungu wa kike unga mwekundu, kwa Vishnu kijiko cha maji yenye majani ya mrehani wa Kihindi, na kofia ndogo ya metali yenye alama ya nyayo hugusishwa kichwani mwako. Usiyetaka, fumbata viganja kifuani, inamisha kichwa, rudi hatua moja, hakuna atakayekasirika. Anayepokea jivu asilipanguse nguzoni. Mafuta na majivu ya watu maelfu ndiyo yanayoziba michongo kwa safu nyeusi isiyotoka.

Kutambua uko kwa nani ni rahisi. Fahali aliyelala akitazama mlango ni Nandi, na ndani yumo Shiva. Mtu mwenye mabawa aliyefumbata viganja ni Garuda, na ndani yumo Vishnu. Mistari mitatu ya kulala kwenye paji la uso la waumini ni ya Shiva. Alama ya kusimama yenye umbo la U au Y ni ya Vishnu. U na Y ni za makundi mawili tofauti, nayo yamegombea haki za ibada mahakamani tangu enzi za Waingereza, hasa katika hekalu la Varadharaja. Usiulize wahudumu ipi ni sahihi.

Saa 1:30 asubuhi: Kailasanathar

Hekalu hili liko ukingoni magharibi mwa mji. Lilijengwa na mfalme Narasimhavarman wa Pili, aliyejulikana kwa jina la Rajasimha, mwanzoni mwa karne ya 8, na mwanawe Mahendravarman akaongeza hekalu dogo la mbele. Hakuna kiingilio. Linatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi hupiga uso wake moja kwa moja. Kuanzia saa 3 vivuli huwa vifupi na michongo hufifia. Panga muda usiopungua saa moja na nusu. Ukilazimika kupunguza, punguza kwingine.

Nje, kwenye nyasi, Nandi amelala peke yake juu ya jukwaa. Mbele ya lango kuna safu ya vihekalu vinane vidogo. Ukipita ndani ya ua, geuka kushoto na ufuate ukuta. Ukuta wenyewe umeundwa kwa vihekalu 58 vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja na sanamu yake, na kati ya kimoja na kingine simba aliyenyanyuka kwa miguu ya nyuma. Simba hao ni alama ya Rajasimha, jina lake likiwa na maana ya mfalme simba. Kwenye kuta kuna mistari ya maandishi ya Grantha ya Pallava yenye majina ya sifa ya mfalme, zaidi ya 200.

Angalia mawe kwa makini kuliko sanamu. Msingi ni wa matale, jiwe gumu lisilonyonya maji kutoka ardhini. Kuanzia hapo kwenda juu ni jiwe la mchanga, laini kuchonga na laini kuliwa na mvua na chumvi. Kwa sababu hiyo sehemu za chini za kuta bado zina ncha kali huku sura nyingi za juu zimelika. Karne kwa karne mafundi walizipaka lipu ya chokaa ili kuziokoa, na wakati mwingine wakachonga upya juu ya lipu. Ukiona simba mwenye uso uliovimba, mlaini, mweupe, unatazama kazi ya baadaye. Tafuta mahali lipu ilipobanduka: chini yake jiwe lina chembechembe, mikunjo ya nguo ni myembamba, vidole vina kucha. Hiyo ndiyo kazi ya Pallava. Usiiguse hata kwa kidole kimoja. Jasho linatosha kuanzisha doa.

Kisha chungulia ndani ya vihekalu vya ukutani. Hapo zamani hekalu zima lilipakwa rangi. Mabaki yake yaligunduliwa na mtafiti Mfaransa Jouveau-Dubreuil mwaka 1931, na mengine bado yapo: mstari mwekundu wa bega, jicho, kipande cha taji, rangi ya manjano na kijani. Elekeza tochi pembeni, usiwashe taa ya kamera. Mchoro utakaouona tena na tena ni Shiva ameketi na mkewe Uma, mtoto wao Skanda katikati. Wafalme wa Pallava waliupenda mno, na ukuta wa nyuma wa chumba kitakatifu nao unao.

Upande wa kusini wa jengo kuu mtafute Shiva aliyeketi chini ya mti kama mwalimu. Katika mahekalu ya Shiva ya Kitamil hukaa kusini daima, kwa hiyo atakusaidia kujua mwelekeo popote utakapokwenda. Juu yako sasa ni mnara, na angalia ulipo: moja kwa moja juu ya chumba kitakatifu. Ikumbuke picha hiyo kwa ajili ya mchana.

Ndani, lingam, yaani nguzo fupi inayomwakilisha Shiva, ni ya jiwe jeusi yenye pande 16. Kuizunguka kuna njia nyembamba sana ambayo mlango wake ni tundu la chini. Waumini huingia kwa kutambaa na kutokea upande wa pili, kama kuzaliwa upya. Mwenye mshono mpya, tatizo la mgongo, goti au moyo, au anayebanwa na pumzi mahali pafinyu, asijaribu. Ukikwama katikati hakuna nafasi ya kugeuka na walio nyuma yako wataendelea kusukuma.

Usitoke bila kuitazama nguzo yenye maandishi ya Kikannada katika ukumbi wa nguzo. Katikati ya karne ya 8 mfalme Vikramaditya wa Pili wa ukoo wa Chalukya aliuteka mji huu. Badala ya kulipora hekalu alilirudishia hazina yake, na akaagiza jambo hilo liandikwe humu ndani. Malkia wake Lokamahadevi baadaye alijenga hekalu la Virupaksha huko Pattadakal, Karnataka, na anayeyajua yote mawili huona wazi udugu wao.

Saa 3:15: Vaikunta Perumal

Bajaji itavuka mji kwa dakika chache. Hili nalo ni la Pallava, la Nandivarman wa Pili, karne hiyo hiyo ya 8, lakini ni la Vishnu. Vyumba vitakatifu vitatu vimepandana kama ghorofa: Vishnu ameketi chini, amelala katikati, amesimama juu. Ghorofa za juu hazifunguliwi kila siku, kwa hiyo usimsumbue kuhani. Kilichokuleta kiko chini, kwenye baraza inayozunguka jengo.

Baraza hiyo ina nguzo za simba waliokaa, na ukuta wake wa ndani una safu mbili za picha za kuchongwa zinazosimulia historia ya wafalme wa Pallava. Huanza na miungu na mababu wa kale, halafu vita, mabaraza na mirithi ya ufalme. Nyingine ziliwekewa maelezo mafupi ya kuchongwa. Watu wengi hupita hapa kwa dakika kumi kwa sababu picha zimelika na zote huonekana sawa. Ziendee hivi: kwanza tafuta mtu aliyeketi huku wawili wakimmiminia maji kwa vyungu kichwani. Huyo anatawazwa. Kila ukimwona mwingine wa namna hiyo, utawala mpya umeanza, na picha zilizo katikati ni matukio ya mfalme aliyetangulia. Mwavuli ni alama ya ufalme. Tembo na farasi waliobanana ni vita.

Sehemu nzuri zaidi ni kupatikana kwa mjenzi mwenyewe. Mfalme Parameshvaravarman wa Pili alifariki bila mrithi, na wajumbe wakaenda kwa tawi la mbali la ukoo kumwomba Hiranyavarman atoe mfalme. Mwanawe wa miaka 12 ndiye aliyekubali kwenda. Akawa Nandivarman, akatawala miaka mingi, akajenga hekalu hili na kuagiza haki yake ya kiti ichongwe ukutani ili isibishaniwe. Ukijua hilo, ukuta mzima hubadilika kuwa hati ya kisiasa.

Saa 4:30: Ekambaranathar

Sasa utaona mageuzi. Eneo lina ukubwa wa zaidi ya ekari 20, na lango la kusini, lililojengwa mwaka 1509 na mfalme Krishnadevaraya wa dola la Vijayanagara, lina urefu wa mita zipatazo 59. Simama mbali kidogo barabarani ulitazame lote. Sehemu ya chini ni ya mawe. Juu yake ni matofali na lipu, kwa kuwa mawe matupu kwa urefu huo yangeulemea msingi. Lipu na rangi hizo ndizo zinazopakwa upya katika kila ukarabati, kwa hiyo usiyahukumu malango haya kwa rangi yake ya leo. Hesabu vinundu vya juu kabisa vyenye umbo la chungu. Huwa idadi yake ni witiri.

Ukiingia, mnara wa chumba kitakatifu huuoni. Umemezwa na kumbi, baraza na kuta. Kumbi za hapa ni za Vijayanagara, nguzo juu ya nguzo, na katika baraza refu kuna safu za lingam zinazohesabiwa kuwa 1,008. Asubuhi hii mwanga huingia kutoka pembeni na baraza hupendeza kuliko jioni.

Lingam ya ndani ni ya udongo. Mapokeo husema Parvati, jina jingine la Uma mke wa Shiva, aliifinyanga kwa mchanga chini ya mwembe kando ya mto Vegavati, na mto ulipofurika akaikumbatia isichukuliwe. Kwa kuwa ni udongo, haioshwi kwa maji kama lingam nyingine. Hekalu hili ni moja kati ya matano ya Shiva yanayowakilisha asili tano: ardhi hapa, maji Thiruvanaikaval, moto Tiruvannamalai, hewa Srikalahasti, anga Chidambaram. Mwembe mtakatifu uko kwenye ua wa nyuma. Waumini husema matawi yake manne, yanayowakilisha Veda nne, vitabu vitakatifu vya Wahindu, huzaa maembe ya ladha nne.

Hapa na katika mahekalu mengine makubwa utakutana na watu wanaojitolea kukuongoza au kukuombea, halafu wanataja kiasi kikubwa mwishoni. Kataa mapema kwa upole na uendelee kutembea. Sadaka halali hutiwa kwenye sanduku, au hulipiwa dirishani kwa tiketi yenye bei iliyochapishwa. Toka saa 5:45, kabla walinzi hawajaanza kuwatoa watu.

Mchana

Kula wali wa jani la mgomba kwenye mojawapo ya hoteli za mboga katikati ya mji. Tafuta pia idli ya Kanchipuram, mkate wa mvuke, tofauti na ile nyeupe ya kila siku: mchele na choroko nyeusi, tangawizi, pilipili manga, bizari nyembamba na samli, ikapikwa kwa mvuke ndani ya kikapu kirefu cha mwanzi kilichotandikwa majani. Hutolewa kama chakula kitakatifu katika hekalu la Varadharaja, na asubuhi huisha haraka.

Saa hizi ndizo za hariri. Sari ya Kanchipuram halisi husukwa mwili na pindo kwa rangi tofauti, kisha huunganishwa katika ufumaji wenyewe, si kwa sindano. Geuza nguo upande wa nyuma uone nyuzi zilivyoshikana. Pindo lenye pembetatu kama meno huitwa la hekalu. Taka lebo ya Silk Mark, inayothibitisha hariri halisi, na bei ya chini sana kwa sari nzito ichukulie kama dalili ya nyuzi za plastiki.

Saa 10 alasiri: Varadar

Hekalu la Varadharaja Perumal liko kusini mashariki, katika sehemu iitwayo Kanchi Ndogo. Fika mlango ukifunguliwa. Ukipita lango la magharibi, ukumbi wa nguzo mia uko kushoto kwako. Kwa hesabu halisi nguzo ni 96. Kuna tiketi ndogo, na huu ndio ukumbi ambao asiye Mhindu anaweza kuufaidi kikamilifu. Ni kazi ya karne ya 16. Kila nguzo ya nje ni jiwe moja lililochongwa farasi au mnyama wa hadithi aliyenyanyuka na mpanda wake, na chini ya kwato kuna watu na wanyama wanaopigana. Zunguka nje kwanza, ndipo upande ndani.

Inua macho kwenye pembe za paa. Minyororo inayoning'inia ni mawe. Kila pete ilichongwa ikiwa tayari imepita ndani ya mwenzake, kutoka kwenye bamba moja. Fundi akiivunja pete moja, kazi yote imeharibika, maana hakuna mahali pa kuunga. Baadhi zimevunjika na hazikurejeshwa.

Karibu na ukumbi ni bwawa liitwalo Ananta Saras. Chini ya maji yake, ndani ya chumba kilichozibwa, imelazwa sanamu ya Vishnu ya mti wa jamii ya mkuyu, inayoitwa Athi Varadar. Hutolewa mara moja kila miaka 40 kwa siku 48. Ilitolewa mwaka 1979, kisha kuanzia Julai 1 hadi Agosti 17, 2019, ikiwa imelazwa kwanza halafu ikasimamishwa, na mamilioni ya mahujaji walifika. Zamu ijayo ni 2059. Anayekuahidi kukuonyesha leo anakudanganya.

Waumini huendelea ndani, hupanda ngazi 24 hadi juu ya kilima kidogo cha Hastagiri, na huenda kugusa mijusi miwili, wa dhahabu na wa fedha, iliyo darini. Foleni ya mijusi huwa ndefu kuliko ya sanamu kuu, hivyo Mhindu mwenye muda mchache aamue mapema. Ramanuja, mwanazuoni mkubwa wa wafuasi wa Vishnu, alihudumu hapa kabla ya kuhamia mji wa Srirangam.

Saa 12:15 jioni: Kamakshi

Malizia katikati ya mji. Kamakshi ameketi amekunja miguu, mikononi ana upinde wa muwa, mishale ya maua, kamba na kulabu ya tembo. Kwa Kanchipuram yeye ndiye mungu wa kike wa mji mzima, ndiyo maana mahekalu ya kale ya Shiva hapa hayakuwekewa mke wa Shiva chumba chake mwenyewe kama ilivyo kawaida kwingine. Picha haziruhusiwi kabisa ndani. Jioni taa za mafuta huwashwa, paa la dhahabu hung'aa juu ya ua, na hata anayeishia nje ya chumba kitakatifu hupata sehemu kubwa ya uzuri wake. Nusu saa inatosha. Ijumaa ihesabu saa mbili.

Ukiwa na nusu siku tu, fanya Kailasanathar na Vaikunta Perumal asubuhi, uongeze Ekambaranathar ukiwahi. Ukiwa na alasiri pekee, nenda Varadar saa 10 kamili, kisha Kamakshi, na usijaribu kubana la tatu. Anayerudi Vellore kwa basi aulize basi la mwisho mara tu anapofika asubuhi, kwa kuwa mengi yapitayo barabara kuu hayaingii mjini, na usiku bajaji ya kukupeleka hadi njia panda hutoza bei nyingine.